Parseli Hii Haiuzwi

Ukizunguka komini (manispaa) za Katuba, Kenya au Ruashi hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, utakutana na sentensi moja ukutani mara nyingi kuliko jina la chama chochote cha siasa: parseli hii haiuzwi, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Huandikwa kwa rangi nyekundu, wengine kwa makaa, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili chetu, na wakati mwingine chini yake kuna namba ya simu. Mwenye nyumba yumo ndani, anasonga bukari yake, hana wazo la kuhama. Ila anajua kwamba siku akisafiri kwenda msibani, shemeji au mpangaji au karani fulani anaweza kumleta mnunuzi, na mnunuzi huyo akaja na karatasi yenye mihuri mingi kuliko yake. Basi ameandika ukutani kile ambacho ofisi ilipaswa kumwandikia.

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi ya komini moja hapa Lubumbashi. Haki za watu zinapita mikononi mwangu kutwa nzima zikiwa karatasi: fishi ya parseli (karatasi ya komini inayomtaja mwenye kiwanja), cheti cha usajili kilichoingia ukungu, mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye daftari la shule na kutiwa dole gumba na mashahidi. Kuna mama wa Katuba ambaye huleta fishi yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ninapoilaza kwenye mashine, haachi ncha ya karatasi. Mwanga wa mashine unapita, vidole vyake bado vimeshika, na kwenye kila kopi niliyowahi kumtolea kuna kivuli cha kucha mbili pembeni. "Papa, kamata muzuri," ananiambia, "iko moja tu."

Wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, nao huleta kazi zao za mwisho wa masomo. Mmoja wa sayansi ya siasa aliniletea yake, iliyolinganisha uliberali wa zamani na itikadi za leo kuhusu haki za mtu binafsi. Niliichapa yote, na tangu hapo tunabishana. Alihitimisha kwamba uliberali wa akina John Locke ni koti lililoshonewa Mzungu mwenye mali, Mkongomani akilivaa litamvuka. Mimi naona ile sentensi ya ukutani ni Locke mtupu, ingawa aliyeiandika hajawahi kumsikia.

Niseme kwa kifupi walichodai wazee hao wa uliberali. Locke, aliyechapisha hoja zake Uingereza mwaka 1689, alianza na mtu kabla ya serikali. Mtu huyo tayari ana uhai, uhuru na mali aliyoipata kwa jasho lake. Serikali inakuja baadaye, kwa ridhaa ya watu, ili ivilinde. Ikivigusa bila idhini imevunja agano. Wafaransa katika azimio lao la 1789 wakaandika kwamba mali ni haki takatifu. Benjamin Constant, Paris, mwaka 1819, alieleza kwamba uhuru wa watu wa kale ulikuwa kushiriki katika maamuzi ya mji, na kwamba watu wa zama mpya wanataka pia upande wa maisha ambao mji hauingii. John Stuart Mill, mwaka 1859, akasema sababu pekee ya kumlazimisha mtu ni kumzuia asiwadhuru wengine; kumtakia mema mwenyewe hakutoshi. Ukiwasoma kwa pamoja unasikia swali moja: nani haruhusiwi kuingia hapa, awe na bendera, awe na kura nyingi, awe amekuja na zawadi mkononi?

Hilo la zawadi ndilo linalonishika, maana mji huu umelelewa kwa zawadi.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906; Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukafuata 1910. Miaka ya mwanzo kampuni ilileta vijana kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengine walitoroka, ikawa kazi ya kutafuta wengine kila mara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mbinu: mfanyakazi akae, aoe, azae hapahapa kambini. Ikajenga nyumba, ikagawa mposho (mgao wa chakula), ikafungua hospitali, shule ikawaachia wamisionari Wabenedikto. Mtoto akizaliwa alipimwa uzito kwenye kliniki ya kampuni. Wazee waliokulia kambini bado wanazungumzia mposho kwa hamu, na sitawacheka. Sehemu kubwa ya Afrika ya wakati ule haikuwa na hospitali ya namna ile.

Lakini itazame karatasi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Vyama vya wafanyakazi weusi havikuruhusiwa hadi mwaka 1946. Mkuu wa kambi alikuwa na haki ya kujua nani kalala wapi. Mwezi Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini ulipigwa risasi na askari. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Ona walichodai: nyongeza ya mshahara, yaani fedha ambayo mtu anaipeleka anakotaka mwenyewe. Kampuni iliyojua uzito wa watoto wao haikuwa na mahali pa kuwekea neno "hapana" kutoka kwa baba zao.

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu aliitaifisha, ikaja kuwa Gécamines, kampuni ya dola, na malezi yakaendelea chini ya bendera nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Sina haja ya kumweleza mtu wa Lubumbashi hiyo hiari ilikuwa ya namna gani. Hospitali, shule na chakula viliondoka pamoja na kazi, kwa sababu tangu mwanzo vilifungwa kwenye kazi. Havikuwa na mwenyewe.

"Papa," mwanafunzi wangu akanijibu, "hiyo ni hoja yangu, umeniibia. Haki za namna hiyo ziandikwe kwenye sheria, zisiachiwe kampuni."

Ana hoja, na ndiyo hoja ya waliberali wapya. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu kama Hobhouse huko Uingereza waliona kwamba mwenye njaa anayesaini mkataba na mwenye kiwanda hayuko huru sana hata kama hakuna aliyemshika mkono. Mwaka 1942 ikaja ripoti ya Beveridge ya hukohuko Uingereza kuhusu hifadhi ya jamii, mwaka 1948 Tamko la Umoja wa Mataifa la haki za binadamu, mwaka 1966 mkataba wa haki za kiuchumi na kijamii. Haki ya kuachwa ikapata jirani, haki ya kupewa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imezibeba zote mbili. Ibara ya 16 inasema mtu ni mtakatifu. Ya 34 inasema mali binafsi ni takatifu. Ya 48 inahakikisha makazi bora, maji safi na umeme, kisha inaongeza, kama mtu anayefunga mlango polepole, kwamba sheria itapanga namna ya kuzitumia haki hizo.

Umeme basi. Tangu mwaka 1982 kuna njia ya umeme mkubwa inayotoka bwawa la Inga, karibu na bahari, ikikata nchi hadi Kolwezi, yapata kilomita 1,700. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji ambavyo wakazi wake wanawasha vibatari wakiisikia ikivuma. Mwenye kibatari na ibara ya 48 mkononi amshitaki nani, kwa kosa gani, na hakimu aamuru nini? Ila askari akiingia nyumbani kwake bila hati, kosa linajulikana, mkosaji ana jina, na dawa yake ni kumwambia atoke. Ndiyo maana nawatanguliza wazee. Haki walizozitetea zinaweza kuheshimiwa usiku huu huu na serikali isiyo na faranga mfukoni. Najua jibu la upande wa pili: mahakama na polisi nao wanalipwa, kwa hiyo hakuna haki ya bure. Ni kweli. Tofauti ni ya kiasi, lakini kwa nchi maskini kiasi ni jambo zito.

Wala sitaki mtu anihesabu pamoja na vijana wa simu wanaohubiri kwamba kila kitu kibinafsishwe na serikali ibaki mlinzi wa geti. Mwaka 1974 Robert Nozick alitetea dola la namna hiyo kwa akili sana, akimjibu John Rawls aliyetaka, mwaka 1971, kwamba tofauti za mali zikubaliwe pale tu zinapomfaa wa chini kabisa. Mabishano mazuri ya chuo. Katanga tulishawahi kuishi ndani ya jibu. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1910 jimbo hili lilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, ambamo theluthi moja ilikuwa ya kampuni binafsi, Compagnie du Katanga, na theluthi mbili za Dola la Leopold, mfalme wa Ubelgiji: kodi, polisi na ardhi mikononi mwa kamati yenye wenye hisa. Locke aliogopa mfalme anayeruka ukuta. Hapa aliyeruka alikuwa na daftari la mahesabu, na aliruka akiwa ameshikana mkono na mfalme. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza Septemba 2019, nimeipokea kwa mikono miwili pamoja na madarasa yake yaliyofurika, na sitaki kusikia kwamba ni wizi wa kodi.

Katikati ya kampuni na vijana wa simu tulipitishwa kwenye itikadi nyingine, ya chama. MPR, chama cha Mobutu, ilizaliwa 1967 na baada ya muda mfupi kila Mzaire, kama Mkongomani alivyoitwa baadaye, akawa mwanachama tangu tumboni. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakaondolewa, suti na tai zikatoa nafasi kwa abakosti, salongo ikatutoa nje kufagia barabara. Mill angepata mifano ya kutosha kujaza kitabu kingine: nani anadhurika kwa mtu kuitwa Joseph? Uzito zaidi ulikuwa kwenye mali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya dola isiyoweza kuuzwa wala kupewa mtu, na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo ikatangazwa zaireanizasioni: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa wenye bahati ya kujulikana. Mwenye duka Mgiriki aliondoka, na Mzaire aliyelipata alilipata kama alivyopata mposho babu yake, kutoka kwa mkono ambao ungeweza kulichukua tena. Sheria ile ya ardhi bado inafanya kazi. Cheti cha mama wa Katuba, kingekuwepo, kingempa makubaliano ya kudumu na dola, si umiliki wa udongo.

Kisha ikaja ya kabila, na hapa naandika polepole. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo la jirani, walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, wengi wao wamezaliwa hukuhuku, wazazi wao waliletwa na ile kampuni. Wengi walifia palepale, wengine njiani. Hoja iliyowafukuza ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake: kwamba utajiri wa jimbo umeliwa na wengine kwa miaka mingi, kwamba watu wa mahali wana haki zao kama watu. Hata Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu wa mwaka 1981 unazitambua haki za watu, pamoja na wajibu wa mtu kwa jamii yake, na siuoni kuwa upuuzi. Leopold hakumwibia mtu mmojammoja, aliziibia jamii nzima. Ila pale stesheni kulikuwa na watu wenye karatasi za nyumba zilizo sawa kabisa, na hakuna aliyewauliza karatasi. Waliulizwa jina la babu. Katiba ya leo, ibara ya 30, inampa kila aliye nchini haki ya kukaa anapotaka, huku ibara ya 10 ikimtambua Mkongomani wa asili kupitia kabila lake. Sijui kama waandishi waliziweka pamoja kwa makusudi. Kwa jambo hili moja nipo na wazee wa uliberali bila kupunguza neno: mfanyakazi, mwanachama, mzawa, yote ni majina ambayo mwingine anakupa na anaweza kukufutia.

Sasa koti la mwanafunzi wangu. Ana ushahidi, na ni mzito kuliko alivyouandika. Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyouza watumwa. Mill alifanya kazi East India Company kutoka 1823 hadi 1858, na katika hoja yake maarufu ya uhuru aliwatoa nje watu aliowaona hawajakomaa, akisema udikteta unawafaa mradi nia iwe kuwaendeleza. Tulikuwa nje ya mlango kwa maandishi. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulizungumza lugha ya biashara huria juu ya bonde la Kongo, na tarehe 1 Julai 1885 dola la Leopold likatangaza kwamba ardhi tupu ni yake. Tupu maana yake nini? Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwinda, mto wa kuvua. Locke mwenyewe alikuwa amefungua njia aliposema ardhi ya Amerika isiyolimwa ni kama haina mwenyewe. Wanaompenda, nami nikiwemo, wamezoea kuupita haraka ukurasa huo.

Lakini aliyemvua Leopold nguo naye alikuwa mtu wa mawazo hayohayo. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, akisimamia hesabu za meli za Kongo pale Antwerp. Aliona mpira na pembe za ndovu vikishushwa, na kwenye safari ya kurudi bunduki na risasi zikipakiwa, karibu hakuna bidhaa. Karani anayejua kusoma daftari hahitaji zaidi ya hapo. Kama kitu kinatoka na hakuna malipo yanayoingia, hiyo si biashara, ni kulazimishwa. Mwaka 1904 alianzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba mpira ule ni mali ya watu wa msitu ule na wana haki ya kumuuzia wampendaye. Alichukua maneno ya mababu zake na kukataa kusimama pale walipotuacha nje. Katika ile kazi ya mwanafunzi Morel hayumo. Nilimwambia, akasema kurasa zilikuwa zimeisha.

Mfano unaonisumbua mimi ninayetetea hoja hii uko Kolwezi, mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 watu waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti. Wakachimba uani, wakachimba chumbani, mtu anainua sakafu ya sebule, anashusha kamba, jioni anauza magunia. Kisheria udongo wa dola ameukodi daima, ila madini yaliyo chini ni kitu kingine kabisa: sheria ya madini ya mwaka 2002 imeyatenga na haki ya juu ya ardhi na kuyaacha kwa dola. Unaweza kuandika ukutani kwamba hauuzi. Ukuta haufiki chini. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliwahamisha sehemu ya wakazi ili eneo liwe machimbo yenye uzio yanayouza kwa kampuni moja.

Marekebisho ya sheria hiyo ya madini ya mwaka 2018 yaligawa mrabaha upya: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mahali husika, iwe sekta ya vijijini, utawala wa jadi au komini, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kobalti mrabaha wenyewe ulipanda hadi asilimia 10. Mwenye nyumba hayumo kwenye orodha. Mwanafunzi anasema ni sawa, vinginevyo aliyejenga juu ya kobalti kwa bahati anakuwa tajiri na jirani yake juu ya mchanga anabaki kumtazama. Akaniuliza Locke angempa nani: mwenye parseli, aliyeshuka shimoni, au sisi sote?

Locke angempa aliyetia jasho, kwa sharti kwamba awaachie wengine cha kutosha na chenye ubora uleule. Sharti hilo linawezekana kwa maji ya mto. Kwa kobalti haliwezekani, kila gunia linalopanda limewapunguzia wengine wote, hata wasiozaliwa. Hapo mfuko wa vizazi vijavyo unaingia vizuri kuliko chochote nilichosoma kwa wazee, na sioni aibu kuuchukua. Ninachokataa ni kuanzia huko. Fedha ya asilimia 15 inaingia kwenye akaunti ya komini, na mtu wa komini ambaye hawezi kuthibitisha hata nyumba yake hana nguvu ya kwenda kuuliza imefanya nini. Anayeuliza sana anajua anaweza kuambiwa kwamba fishi yake ina kasoro. Ningeanza na mama wa Katuba: cheti ambacho bei yake imebandikwa mlangoni na ndiyo bei anayolipa, nakala mbili, moja ofisini isiyopotea, na hakimu ambaye mnunuzi mwenye mihuri hamjui kwa jina. Akishapata hivyo, tuongee kobalti, naye awepo.